Kompyuta ya duka ina jina kama mbegu: lisome kabla hujalipa

MKULIMA mzoefu hanunui mbegu kwa kuangalia uzuri wa mfuko. Husoma jina la mbegu, hutafuta lebo ya mkaguzi na huangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Akiambiwa tu kwamba "haya ni mahindi mazuri", hurudisha fedha mfukoni na kwenda duka la pili.

Lakini mtu huyo huyo akienda kununua kompyuta ya mitumba kwa ajili ya duka lake la pembejeo, au akitumwa na wanachama kununulia ofisi ya chama cha ushirika, huridhika na maneno matatu ya muuzaji: "Imewekwa mfumo tayari." Haulizi ni mfumo gani, ni wa mwaka gani, wala utahudumiwa hadi lini.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikidhi masharti ya Windows 11. Njia mojawapo ya kuziendeleza ni kuziwekea mfumo huria wa Linux, ambao haulipiwi leseni na ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuunakili, kuuchunguza na kuugawa.

Mifumo hiyo huja na majina ya ajabu: trixie, bookworm, Noble Numbat, Jammy Jellyfish. Mfanyabiashara anayeyasikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni mzaha wa vijana wa kompyuta. Ukweli ni kwamba jina hilo ndilo lebo ya mfuko. Linaeleza umri wa mfumo, hatua uliyofikia na, muhimu kuliko yote, umri wa maktaba ya msingi ambayo kila programu ndani ya kompyuta hiyo inaitegemea.

Makala haya yanaeleza majina hayo yalitoka wapi, maktaba hiyo ni kitu gani, na kwa nini mwenye duka au katibu wa chama anapaswa kuvijua vyote viwili kabla hajatoa fedha.

Namba ya kituo, jina la shambani

Wakulima wa mpunga nchini Tanzania wanaijua mbegu ya SARO 5. Katika vitabu vya watafiti mbegu hiyo hiyo huandikwa TXD 306. Maharage ya Lyamungu 85 na Lyamungu 90 yamebeba jina la kituo cha utafiti kilichopo Kilimanjaro pamoja na mwaka. Nchini Kenya, mahindi ya Katumani yamebeba jina la kituo kilichopo Machakos.

Kwa hiyo si jambo geni kwetu kitu kimoja kuwa na namba ya wataalamu na jina la watumiaji. Namba humsaidia mtafiti kupanga kumbukumbu. Jina humsaidia mkulima kukumbuka na kuuliza dukani.

Mifumo huria ya kompyuta inafuata utaratibu unaofanana na huo. Mfano mzuri ni Debian, mmoja wa mifumo ya Linux ya zamani zaidi ambayo bado iko hai. Ulianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Jina Debian lilitokana na kuunganisha majina mawili: Debra, mchumba wake wa wakati huo, na Ian mwenyewe.

Debian haina mwenye hisa wala duka. Inatengenezwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, na mifumo mingine mingi, ikiwamo Ubuntu, imejengwa juu yake.

Mzigo uliouzwa kabla haujakomaa

Chanzo cha majina ya Debian kina funzo la kibiashara. Mwishoni mwa mwaka 1995, wakati intaneti ilikuwa bado ghali na ya polepole, watu wengi walipata programu kwa kununua CD. Debian ilikuwa ikiandaa toleo lake la 1.0. Muuzaji mmoja wa CD akachukua nakala ambayo bado ilikuwa kwenye matengenezo, akaichapisha na kuiuza kwa namba hiyo ya 1.0.

Ilikuwa sawa na mtu kuvuna mahindi mabichi kwenye shamba la majaribio, kuyakausha juani na kuyauza kama mbegu iliyothibitishwa. Wanunuzi walipata mfumo ambao haujakamilika, na lawama zikaenda kwa watengenezaji badala ya muuzaji.

Debian ikaamua kuiruka kabisa namba 1.0. Toleo lililofuata lilitoka Juni 1996 likiwa 1.1, na likapewa jina la buzz. Tangu hapo kazi inayoendelea huhifadhiwa chini ya jina la utani, na namba hubandikwa pale tu kazi inapokamilika. Mtu akiona jina bila namba ya toleo, anajua kwamba mzigo bado uko jikoni.

Majina yalichukuliwa kutoka kwa wahusika wa filamu ya katuni ya Toy Story, iliyotoka mwaka 1995. Bruce Perens, aliyekuwa akiiongoza Debian wakati huo, alikuwa mfanyakazi wa Pixar, studio iliyotengeneza filamu hiyo. Baada ya buzz wakaja rex na bo. Akafuata hamm, ambaye ni nguruwe wa plastiki wa kuwekea sarafu, yaani kibubu. Mwaka 2000 ikatoka potato, mwaka 2002 woody, mwaka 2005 sarge. Orodha imeendelea hadi bookworm ya mwaka 2023 na trixie iliyotoka Agosti 9, 2025.

Sid, mtoto anayevunja vitu

Lipo jina moja ambalo halijawahi kutolewa kama toleo na halitatolewa. Ni sid. Katika filamu, Sid ni mtoto wa nyumba ya jirani ambaye kazi yake ni kuvunja vinyago vya kuchezea. Debian ililitumia jina hilo kwa eneo ambalo kila kitu kipya huingizwa kwanza.

Utaratibu wake ni huu. Programu mpya huingia sid. Ikikaa siku kadhaa bila kuonekana na kasoro kubwa, huhamia eneo la majaribio, ambalo tayari lina jina la toleo lijalo. Baada ya miaka takriban 2 mlango hufungwa, hakuna kipya kinachoingia, na kazi inayobaki ni kuondoa kasoro. Hapo ndipo toleo hutangazwa kuwa imara.

Mkulima ataona mara moja kwamba hii ni safari ile ile ya mbegu: kutoka kitalu cha mtafiti, kwenda mashamba ya majaribio, hadi kuthibitishwa na kuuzwa. Mwenye duka anayewekewa sid kwenye kompyuta ya hesabu zake, kwa sababu fundi alimwambia ndiyo mpya kuliko zote, amepanda kitalu cha mtafiti kwenye shamba la chakula cha familia.

Kuna hatari nyingine ndogo ambayo mafundi wengine huisahau. Katika orodha ya vyanzo ambako kompyuta huchukulia masahihisho, fundi anaweza kuandika jina, kwa mfano bookworm, au neno la jumla linalomaanisha "toleo imara". Akiandika jina, kompyuta itabaki kwenye toleo hilo. Akiandika neno la jumla, siku toleo jipya linapotangazwa, masahihisho yanayofuata yatajaribu kuipeleka kompyuta nzima kwenye toleo hilo. Kama siku hiyo ndiyo ya malipo ya wakulima, ofisi itasimama.

Maktaba ya msingi ni ghala la zana la ushirika

Sasa tuje kwenye kitu kilichofichwa nyuma ya jina.

Kila programu ya kompyuta, iwe ya hesabu, ya kuandika barua au ya kutazama tovuti, inahitaji kazi fulani za kila siku: kufungua faili, kusoma saa, kuomba nafasi ya kumbukumbu, kupanga orodha, kutafuta anwani ya kompyuta nyingine kwenye mtandao. Ingekuwa hasara kila mtengenezaji wa programu kuziandika kazi hizo upya. Kwa hiyo zimeandikwa mara moja na kuwekwa mahali pamoja. Mahali hapo panaitwa maktaba.

Maktaba ya msingi katika mifumo mingi ya Linux inaitwa glibc. Ilianza kuandikwa miaka ya 1980 na Roland McGrath ndani ya mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Siku hizi hutolewa mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti.

Kwa macho ya mchumi, glibc ni ghala la zana la chama cha ushirika. Badala ya kila mwanachama kununua bomba lake la kunyunyizia dawa, chama kinanunua machache mazuri na wote wanayatumia. Gharama inagawanyika na matunzo yanafanyika mahali pamoja. Hiyo ndiyo faida.

Hasara yake ni kwamba bomba likiwa na ufa, dawa inaunguza mashamba ya wote. Na chama kikibadili bomba kwa aina mpya yenye kifunguo tofauti, wenye vifaa vya zamani wanakwama. Mambo haya mawili, kasoro ya pamoja na kifunguo kisicholingana, yameshatokea katika mifumo huria, na kila mara jina la toleo ndilo lililotenganisha waliopona na walioumia.

Funzo la hamm

Katika miaka ya 1990 watengenezaji wa Linux walikuwa wamejitenga na glibc na kutunza maktaba yao wenyewe. Toleo lake la mwisho lililoenea liliitwa libc5. Baadaye glibc ilipoboreshwa, wakaona kutunza maktaba mbili ni kupoteza nguvu, wakarudi kwenye ile ya pamoja. Ikapewa namba 6, ndiyo maana hadi leo faili lake kwenye kompyuta huitwa libc.so.6.

Debian ilifanya mabadiliko hayo katika toleo la 2.0, hamm, Julai 1998. Kila programu ililazimika kutengenezwa upya ili iendane na maktaba mpya. Zile ambazo msimbo wake ulikuwa wazi zilitengenezwa upya na watu wa kujitolea. Zile zilizouzwa zikiwa zimefungwa, mwenye nazo alilazimika kumngoja muuzaji au kuweka maktaba ya zamani pembeni ili ziendelee kufanya kazi.

Wafanyabiashara wanapaswa kulikumbuka hilo. Ukinunua programu ya hesabu iliyofungwa, na kampuni iliyoitengeneza ikafa, siku maktaba ya msingi itakapobadilika hutakuwa na wa kumlalamikia.

Kwa bahati nzuri, baada ya msukosuko huo watunzaji wa glibc waliongeza ustaarabu mpya. Tangu toleo la 2.1, kazi inapobadilishwa, ile ya zamani haitupwi bali hubaki ndani ikiwa na alama ya namba yake. Programu iliyotengenezwa miaka 15 iliyopita huikuta alama yake na kuendelea kufanya kazi kwenye maktaba ya leo.

Kinyume chake hakiwezekani. Programu iliyotengenezwa leo ikipelekwa kwenye maktaba ya zamani, hutafuta alama ambayo haipo na kukataa kufunguka. Ni sawa na kufunga jembe la trekta kubwa kwenye trekta dogo la zamani: jembe ni zima, trekta ni zima, lakini kazi haifanyiki.

Hapa ndipo jina linaposaidia. Debian ya jessie, ya mwaka 2015, ina glibc 2.19. Stretch, ya 2017, ina 2.24. Buster, ya 2019, ina 2.28. Bullseye, ya 2021, ina 2.31. Bookworm, ya 2023, ina 2.36. Trixie, ya 2025, ina 2.41. Muuzaji wa programu akisema bidhaa yake inahitaji glibc 2.34, aliye na bullseye ajue kwamba hatafika, na aliye na bookworm hana wasiwasi.

Pengo dogo tu linatosha kuleta hasara. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Microsoft ilitoa toleo la Visual Studio Code, programu wanayoitumia waandishi wa programu, ambalo lilidai glibc 2.28 kwenye kompyuta ya mbali linayounganishwa nayo. Waliokuwa na seva za Ubuntu 18.04, yenye glibc 2.27, wakajikuta nje. Malalamiko yalikuwa mengi, na kampuni ikalazimika kutoa muda wa nyongeza wa miezi 12 ili watu wahame.

Ufa uliokaa miaka 14

Tatizo la pili ni kasoro ya pamoja. Januari 27, 2015 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza kasoro katika glibc iliyopewa jina la GHOST. Ilikuwa katika kazi ya kutafuta anwani za mtandao, na mdukuzi angeweza kuitumia kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali.

Kasoro hiyo ilikuwamo tangu glibc 2.2 ya Novemba 2000. Lililoshangaza zaidi ni kwamba ilikuwa imeshaondolewa mwaka 2013, lakini aliyeiondoa hakutambua kuwa ni suala la usalama. Kwa hiyo matoleo mapya yalipona bila kujua, na matoleo imara yaliyokuwa yakitumia maktaba za kabla ya hapo, kama Debian wheezy na Ubuntu 12.04, yalibaki na ufa.

Baada ya tangazo, wenye wheezy waliokuwa wakipokea masahihisho walipata kiraka mara moja. Hawakulazimika kubadili mfumo. Ni megabaiti chache za kupakua na kuwasha kompyuta upya. Lakini wale waliokuwa bado na lenny, ambayo huduma yake ya usalama ilimalizika Februari 2012, hawakuwa na pa kupata kiraka. Kompyuta zao zilikuwa nzima, ziliwaka kila asubuhi, na mlango ulikuwa wazi.

Kipya nacho kina sumu yake

Kutokana na kisa hicho mtu anaweza kusema dawa ni kuwa na kipya kila siku. Kisa cha Machi 2024 kinakataa.

Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa programu ya PostgreSQL, alikuwa akifanya vipimo kwenye kompyuta yenye Debian sid. Akagundua kwamba kuingia kwenye kompyuta hiyo kwa njia ya mtandao kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Wengi wangepuuza. Yeye akafuatilia hadi akafika kwenye maktaba ndogo ya kubana mafaili iitwayo liblzma, iliyomo katika kifurushi cha xz.

Alikuta kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yamepandikizwa mlango wa nyuma kwa makusudi. Aliyeupandikiza alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa amejitolea katika mradi huo kwa zaidi ya miaka 2 hadi akaaminiwa na kukabidhiwa funguo. Freund alitangaza matokeo yake Machi 29, 2024.

Maktaba hiyo chafu ilikuwa imeshaingia sid na eneo la majaribio la Debian, pamoja na baadhi ya mifumo mingine inayopokea vitu vipya haraka. Haikuwa imefika bookworm, toleo imara la wakati huo, lililokuwa bado na xz ya zamani. Aliyekuwa na bookworm alilala usingizi. Aliyekuwa na sid alilazimika kufanya usafi haraka.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, jibu linaonekana. Kinachomlinda mfanyabiashara ni toleo lililokomaa ambalo bado linahudumiwa. Tuliite toleo lililo hai.

Ngiri, kakakuona na keki

Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina utaratibu rahisi zaidi kwa mnunuzi. Jina lenyewe ni neno la Kizulu na Kikhosa, ndugu wa neno letu "utu". Toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004, kwa hiyo likapewa namba 4.10: mwaka 4, mwezi wa 10. Jina lake la utani lilikuwa ngiri mwenye chunjua.

Namba ikifuata tarehe, haiwezi kujulikana kwa uhakika kabla ya siku yenyewe. Toleo lililopangwa kutoka Aprili 2006 lilichelewa hadi Juni, na namba ikabadilika kutoka 6.04 kuwa 6.06. Jina lake, Dapper Drake, halikubadilika. Ni faida nyingine ya kumpa mtoto jina kabla hajazaliwa.

Majina ya Ubuntu hufuata alfabeti. Precise Pangolin, kakakuona, ni ya Aprili 2012. Vivid Vervet, tumbili, ni ya Aprili 2015. Alfabeti ilipofika Z mwaka 2017 ikaanza upya na Artful Aardvark, muhanga. Matoleo ya kufaa biashara ni yale ya Aprili ya kila mwaka unaogawanyika kwa 2, kama 22.04 na 24.04, ambayo huhudumiwa bure kwa miaka 5. Mengine huhudumiwa kwa muda mfupi.

Hata simu ya mkononi ina historia hiyo. Matoleo ya Android yalikuwa na majina ya vitu vitamu, kuanzia Cupcake ya mwaka 2009 hadi Pie ya 2018. Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019, Google iliacha kutangaza majina hayo kwa umma na kubaki na namba. Android inatumia kiini cha Linux, lakini maktaba yake ya msingi ni nyingine, inaitwa Bionic. Ndiyo maana programu ya Linux ya kompyuta haiwezi tu kunakiliwa kwenye simu ikafanya kazi.

Kompyuta za biti 32 na saa ya mwaka 2038

Wanaonunua kompyuta za zamani sana wanapaswa kujua jambo moja zaidi. Mifumo ya jamii hii huhesabu muda kwa sekunde kuanzia Januari 1, 1970. Katika mifumo ya biti 32 iliyofuata utaratibu wa zamani, hesabu hiyo hujaa Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, kompyuta itadhani iko Desemba 1901.

Mikopo na mikataba ya miaka mingi inaweza kuifikia tarehe hiyo mapema katika majedwali ya marejesho. Watunzaji wa glibc waliweka njia ya kuongeza nafasi ya hesabu hiyo kwenye mifumo ya biti 32 katika toleo la 2.34 la Agosti 2021. Debian ilifanya kazi hiyo katika trixie kwa kompyuta ndogo za biti 32 za jamii ya ARM.

Kwa kompyuta za kawaida za mezani za biti 32, trixie haina tena kisakinishi wala kiini rasmi. Bookworm ndiyo Debian ya mwisho kuwekwa moja kwa moja kwenye mashine hizo. Anayeuziwa mashine ya aina hiyo leo, hata kwa bei ya kutupa, ajue kwamba ananunua ng'ombe mzee.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, mwambie muuzaji awashe kompyuta na kufungua dirisha la amri, kisha aandike: cat /etc/os-release. Jina na namba ya toleo vitaonekana. Amri ya ldd --version itaonyesha namba ya glibc. Kazi hii haimalizi dakika moja.

Pili, linganisha jina hilo na tarehe ya mwisho wa huduma. Buster ilimaliza huduma yake ndefu Juni 30, 2024. Bullseye imepangiwa Agosti 31, 2026, na bookworm Juni 30, 2028. Trixie ilitolewa kwa ahadi ya miaka 5. Ikiwa tarehe imepita au imekaribia, ondoa gharama ya fundi wa kuhamisha mfumo kwenye bei unayotoa.

Tatu, ukiona sid, au jina la toleo ambalo bado halijapewa namba, kataa. Hicho ni kitalu cha mtafiti.

Nne, kabla ya kununua programu yoyote iliyofungwa, uliza inahitaji glibc ya namba gani, na mwuzaji aandike kwenye risiti.

Tano, tenga bando la intaneti kila mwezi kwa ajili ya masahihisho, kama unavyotenga fedha za dawa ya kuhifadhi nafaka. Maktaba ya msingi ikisahihishwa, zima kompyuta na uiwashe upya, kwa sababu programu zilizokuwa wazi huendelea kutumia nakala ya zamani hadi zifungwe.

Mfumo huria haulipiwi leseni, lakini una gharama zake: muda, bando na fundi anayejua kazi. Gharama hizo ni ndogo ukilinganisha na daftari la chama kupotea msimu wa mauzo.

Na wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya wengine. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Ndani ya glibc yenyewe kuna fasili mbili za lugha yetu, ya Tanzania na ya Kenya, zinazoifundisha kompyuta namna ya kuandika siku, miezi na fedha zetu. Ghala hilo la zana lina rafu yenye jina letu. Kilichobaki ni sisi kuzoea kusoma lebo.